Ua Chini ya Kawa

Ukipita mtaa wa Shela, hapo Malindi, na kofia iliyochakaa kichwani, usishangae mwanamke akikuita kutoka dirishani akakwambia uivue uone haya. Huyo ni Bi Kamaria. Kofia zake za mkono huvaliwa na maharusi na makhatibu, na vitundu vyake ni vidogo tena sawasawa, hata ukadhani vimetobolewa na mashine. Wallahi mikono ile imebarikiwa. Lakini Mungu hampi mja vyote, na mikono hiyo hiyo ikishika unga, basi unga wenyewe huomba radhi.

Tusimwonee, kosa si lake. Marehemu mumewe, Mazin, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Wataliani huko ufuoni, na siku ya kwanza ya ndoa yao Kamaria alimwandalia mahamri. Mazin akala moja. Akanywa maji bilauri nzima, kisha akasema, "Kamaria, wewe shona." Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Yeye akashona, Mazin akapika, na miaka yote waliyoishi pamoja yule mama hakupata kujua chumvi hutangulia au hufuata.

Kisha Mazin akafa, Mungu amrehemu, na Kamaria akabaki na sindano zake na jiko asilolijua. Muda wa eda majirani walimletea chakula, kama ilivyo ada. Eda ikaisha, sahani hazikuisha. Raiya wa nyumba ya pili, mkewe Bwana Stambuli mwenye minazi yake Mambrui, alimletea samaki wa kupaka kila Ijumaa. Gladys Menza, mwalimu Mgiriama aliyetoka Magarini na kupanga ghorofa ya mbele yao, alimletea mihogo ya nazi, kunde, na mananasi kila aendapo kwao. Bi Kamaria alikula vyote, lakini samaki wa Raiya ndiye aliyekuwa na jambo lake. Nazi yake ilikuwa nzito kama nazi ya Mazin, na ukwaju wake ulikuja nyuma taratibu, vile vile. Ijumaa jioni Bi Kamaria alikuwa akila na marehemu, ndivyo alivyohisi, na asingempa mtu Ijumaa yake hata kwa kofia mia.

Sasa, sheria ya sahani unaijua. Sahani ya jirani hairudi tupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mamake Kamaria akasema sahani tupu hairudishwi, na kwa Kamaria mamake alikuwa juu ya wahenga. Basi kila sahani iliyomjia aliirudisha na mahamri yake. Mahamri gani hayo, jamani! Hamri la Bi Kamaria likianguka, sakafu ndiyo hulalamika. Ukilipasua utakuta ndani hamna uwazi, ni unga mpaka unga, umekaa kimya kama uliosikia habari mbaya. Majirani walipokea kwa mikono miwili, wakasema mashallah, leo umejitahidi. Naye kwa kuwa hakuwahi kuona hata hamri moja limetupwa jaani, akaamini yanaliwa. Yalikuwa yakiliwa kweli, lakini hilo tutalifikia.

Katika nyumba hiyo palikuwa na kinywa kimoja kingine. Mwaka mmoja hoteli ilipobadilisha mapambo ya veranda, Mazin alikuja na ua ndani ya kopo la samli, majani yake marefu membamba ya kijani yenye mstari mweupe katikati. Hotelini wakiliita ua la buibui, kwa vile watoto wake huning'inia hewani kwa nyuzi, mithili ya buibui ashukaye darini. Kamaria akamwambia Mazin kwamba buibui wa kweli wamejaa tayari kwenye kona za jikoni. Mazin akacheka, akalitundika dirishani.

Baada ya msiba, ua lile ndilo pekee lililobaki likimtegemea, na yeye kwa mapenzi akakaribia kuliua. Alilianika jua la mchana kama nguo. Alilimwagia maji ya kisima asubuhi na jioni, na visima vya Shela unavijua, maji yake ukioshea mikono unatoka umekolea chumvi. Ncha za majani zikaungua, zikawa za hudhurungi. Bi Kamaria akazipunguza kwa mkasi wake wa kofia, moja moja, kwa mshazari, na kesho yake zikaungua tena. Akaliuliza linataka nini. Halikujibu, lakini siku hiyo hiyo, akipita kona ya duka la dawa, aliona chini ya kiyoyozi, pale kinapodondosha maji, majani mabichi yameota ukutani bila hata udongo wa maana. Akasimama akayatazama. Akarudi nyumbani, akachukua jagi, akalitega chini ya kiyoyozi, na mwenye duka alipotoa kichwa kuuliza kulikoni, akaambiwa kwamba maji haya ni ya mgonjwa.

Basi ua likapata maji matamu, tena si kila saa. Alikuwa akitia kidole kwenye udongo, ukiwa bado na ubaridi analiacha. Akalisogeza ndani kidogo, lione mwanga lisione jua. Kopo lilipobana, mizizi minene myeupe ikitokeza juu kama vidole vya mtoto, hakulihamisha, kwa uvivu tu, kumbe ndivyo lipendavyo. Likanenepa. Halafu likaanza kuzaa. Nyuzi zikashuka dirishani, na mwisho wa kila uzi kichane kidogo cha majani, na chini ya kila kichane vimizizi vimetokeza vikitafuta pa kushika.

Ijumaa moja hamira ilimgomea. Unga ulilala na haukuamka. Sahani ya Raiya ipo pale imeoshwa, inang'aa, inamtazama, na wakati wa kuirudisha umefika. Bi Kamaria aliangalia unga, akaangalia sahani, akaangalia dirisha. Akachukua mkasi. Akakata uzi mmoja, akampandikiza yule mtoto ndani ya kikombe cha mtindi, akakiweka katikati ya sahani, akafunika na kawa, akatoka nayo kwa mwendo wa harusi.

Raiya alifunua kawa akainama kulitazama. Kisha uso wake ukafunguka wote. Alisema mashallah mara nyingi, tena hii haikuwa ile mashallah ya mahamri, hata Bi Kamaria aliisikia tofauti. Siku ya pili bakuli la Gladys likarudi na ua. Juma lililofuata ilikuwa vivyo hivyo. Bi Kamaria alikiosha kibao cha kusukumia, akakifunga kwenye gazeti pamoja na mti wake, akavipandisha juu ya kabati. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la makaa kichwani.

Basi mtaa mzima ukaingia wazimu wa maua. Kila baraza kopo, kila dirisha kikombe. Wanawake walimjia Bi Kamaria mlangoni na majani mkononi kama watu waliokwenda zahanati, naye akiwa na miwani puani akawapa dawa: maji ya kisima, marufuku, jua la mchana, marufuku, na wewe Raiya unalizamisha, hilo si pweza. Chini ya kiyoyozi cha duka la dawa pakawa na foleni ya majagi, mpaka mwenye duka akawa anakiwasha hata siku ya mvua kwa kuogopa maneno ya kina mama. Bi Kamaria alipendezwa na cheo chake, tusimfichie. Alitembea pale mtaani kidevu juu.

Lakini ua likiwa mahali pema huzaa, na maua ya mtaa mzima yalikuwa mahali pema. Hilo hakulifikiria.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza Bi Kamaria alitandika mkeka mapema, akaweka tende na maji, na akaacha nafasi kubwa katikati. Mchana ule alikuwa amepeleka ua kwa Raiya na ua kwa Gladys, mazuri kuliko yote, kwa kuwa alijua futari ya Raiya ilivyo, na Gladys naye, ingawa ni mtu wa kanisa, hakuwahi kuiacha Ramadhani ipite bila kutuma mihogo. Karibu na adhana mlango ukabishwa. Sahani ya Raiya hiyo, imefunikwa kawa. Baada ya kitambo kidogo, bakuli la Gladys, nalo limefunikwa. Bi Kamaria akaviweka kwenye ile nafasi yake, akakaa akisikiliza msikiti, mate yamemjaa.

Adhana ikalia. Akala tende. Akasema bismillahi, akafunua kawa ya Raiya. Ua. Likiwa limepandwa vizuri, limefungwa utepe mwekundu. Akafunua bakuli la Gladys kwa haraka isiyokuwa na adabu. Ua. Basi yule mama wa watu akafuturu tende na maji, maua mawili yakimtazama.

Alidhani ni bahati mbaya ya siku moja. Siku ya pili akaletewa ua. Siku ya tatu, akaletewa ua, na hili alilitambua, maana kikombe chake kilikuwa na ufa alioushona mwenyewe kwa uzi wa kofia. Lilikuwa limezunguka mtaa mzima likarudi kwao. Ijumaa ikafika. Aliliosha jamvi, akajitia udi, akasubiri samaki wake. Raiya akaleta ua, na juu yake akaleta maneno ya furaha kwamba lake limezaa watoto hata hana pa kuwaweka.

Hapo Bi Kamaria alitamani kulia, na usiku ule alikula mkate wa dukani na chai ya rangi, akalala na hasira. Angefanya nini? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kusema hawezi, kwani nani aliyeanza? Kupika hawezi, kwa maana kwake yeye sahani iliyokuja na ua ikirudi na chakula ni kama kuomba, ni kama kumwambia mtu nimekupa, nipe. Alijaribu kudokeza. Alimwambia Raiya kwamba jana alipita akasikia harufu ya samaki, jinsi ilivyomkumbusha mbali. Raiya akajibu kwamba ndiyo, na yeye alihofia moshi ule usiyadhuru majani. Alimwambia Gladys kwamba mihogo mwaka huu wanasema imekuwa mitamu. Gladys akasema hata udongo wa shamba la mihogo ni mzuri kwa maua, shikamoo Bi Kamaria, kesho nitakuletea mfuko. Na akauleta kweli, udongo.

Nyumba ikajaa. Maua juu ya cherehani, maua kwenye ngazi, maua kwenye kiti cha Mazin. Mwenyewe akakonda hata pete ikawa inazunguka kidoleni.

Sasa tumtaje Waziri. Waziri alikuwa beberu wa Bwana Stambuli, mwenye ndevu na majivuno, aliyezunguka vichochoro vya Shela kama mwenye hati zake. Tangu azaliwe hakuwahi kugusa ua la mtu, na kila mtu akimsifu kwa malezi. Asubuhi moja katikati ya mfungo ikasikika sauti ya Raiya, na juu yake ikapanda sauti ya Gladys kutoka ghorofani. Watu wakatoka. Barazani kwa Raiya vikombe vimelala kifudifudi, udongo umetapakaa. Kwa Gladys, ngazi zote tangu chini hadi juu, hakuna jani. Mtaa mzima umenyolewa. Na Waziri kasimama katikati ya njia, anatafuna polepole, uzi mmoja wenye kichane cha majani ukining'inia pembeni mwa mdomo wake.

Wakamzunguka wakimlaumu kama mtu mzima aliyeacha swala. Bi Kamaria alisimama mlangoni kwake, na moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Raiya alikuwa akiuliza kila mtu ni shetani gani aliyemwingia mnyama huyu, ambaye miaka yote amepita kando ya maua bila kugeuza shingo.

Bwana Stambuli alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Bwana Stambuli ni mzee mwema, lakini hakujaaliwa kujua neno la kuweka na neno la kutoa. "Shetani wapi," akasema. "Njaa. Huyu alikuwa na chakula chake. Tangu mahamri ya Bi Kamaria yakatike, yuwala nini?"

Raiya alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha toka na limekaa pale njiani, kila mtu akiliona. Gladys aliangalia mawingu. Waziri aliendelea kutafuna.

Bi Kamaria akawapa kisogo. Aliingia ndani akafunga mlango, akateremsha na komeo. Moyo ulimuuma, tena sana. Alikumbuka mahamri yote, asubuhi zote alizoamka kuukanda ule unga uliomchukia, akachoma vidole kwa mafuta, akayapanga kwenye sahani kwa mpangilio wa duara. Beberu! Akakaa kwenye kiti cha Mazin, akalisogeza ua moja na lingine, akalia kidogo, kisha akakumbuka Mazin na ile bilauri yake ya maji, akaona kwamba huyo angalau hakumdanganya. Ni hawa tu. Na wamemdanganya miaka.

Alasiri mlango ukabishwa. Hakufungua. Ukabishwa tena, na sauti ya Gladys ikasema hodi kwa unyonge, na sauti ya Raiya ikasema kwamba hataondoka hata magharibi imkute pale, na umri wake huu na magoti yake haya. Magoti ya Raiya yalikuwa mabovu kweli. Bi Kamaria akafungua.

Gladys ndiye aliyeanza, akaomba radhi kwa heshima zote, akakiri kwamba na yeye alikuwa akiteremsha mahamri kwa Waziri kwa kikapu na kamba kutoka dirishani. Bi Kamaria akamwambia kwamba hilo la kamba angeweza kuliacha bila kulisema.

Raiya alikaa, akapumua, akaangalia yale maua yaliyojaa mpaka kwenye ngazi. "Nikwambie la kweli, Kamaria," akasema. "Mahamri yako siyawezi. Meno yangu ni haya. Lakini sahani ikirudi na chakula chako, kibaya kizuri, mimi hujua zamu yangu imefika, nami nikajua la kufanya Ijumaa. Ua la kwanza nililifurahia, lakini ulipozidi kunirudishia ua tu, nikasema basi, Kamaria amekichoka chakula changu, anataka tuwe watu wa kupelekeana mapambo. Nililia mwenzako. Nikamwambia Stambuli, samaki wangu amemkosea nini?"

Bi Kamaria alimtazama. Akatazama maua. Akafungua kinywa kusema jambo la heshima, kikatoka kicheko, kikamshika mbavu hata akaishikilia cherehani, na Raiya naye akaanza, na Gladys akaanza, na kopo moja likaanguka na hakuna aliyeliokota. Alipopata pumzi akawaambia ukweli wote: kwamba amekula mkate wa dukani tangu mwezi uandame, na kwamba Ijumaa mbili amekaa jamvini akisubiri samaki kama mtu anayesubiri meli. Raiya akaacha kucheka. Akainuka, magoti na yote, akasema hana nafasi ya kukaa, nazi haijakunwa.

Walipoondoka, Bi Kamaria alisimama juu ya kiti akateremsha kile kibao na mti wake kutoka kabatini. Akatia unga, akatia hamira, akatia iliki, akatia tui kwa makadirio aliyoyajua yeye. Akakanda. Kuonja hakuweza kwa sababu ya funga, lakini tusidanganyane, hata angeonja hakuna ambacho kingebadilika. Akayasukuma, akayatumbukiza kwenye mafuta, nayo yakaenda chini moja kwa moja, yakakaa huko.

Akayapanga duara kwenye sahani ya Raiya, akayapanga kwenye bakuli la Gladys, akafunika kawa. Kisha akachukua sahani ya tatu, ya kwake mwenyewe, akaijaza, akaiweka kizingitini bila kawa. Waziri alikuwa ameshafika. Alikula lile la kwanza kwa heshima, macho yamefumba, mifupa ya taya ikilia, na hakutazama tena jani lolote.

Bwana Stambuli, akipita kuelekea msikitini, akasimama kuangalia. Alikuwa amekanywa vikali asifungue mdomo, na alijizuia kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu. "Bi Kamaria," akasema mwishowe, "nasikia mwalimu Gladys atakufunza kuyaumua. Naomba usijifunze sana. Mnyama ameshazoea."

Bi Kamaria alimwambia aende akaswali. Lakini adhana ilipolia na kawa ya Raiya ikafunuliwa, samaki alikuwa pale, mzima, tui limemgandia kichwani na ukwaju ukija nyuma taratibu. Alikula mpaka mwiba wa mwisho. Kisha akaiosha sahani, akaikausha, akaiweka mezani karibu na unga wa kesho.